Nani Alilifuta Jina la Baba Yako

Simiyu,

Sweta umekunja, cheti cha shule kiko kwenye bahasha ya kaki, na habari za gari la asubuhi unazijua kunishinda. Hayo sitayaandika. Nimekaa kuandika kwa sababu nimekukasirikia, na nikikuambia kwa mdomo tutaamsha Bondeni yote, halafu kesho uondoke ukiwaambia wenzako kwamba mathe alikuwa na kelele zake za kawaida.

Picha zako nimeziona.

Ulinipa filamu Jumatatu, ukaniambia, "Mathe, nioshee hizi, ni za Jumapili tulipoenda Kona na maboyi." Nikaiosha, ikakauka, nikaingia chumba cha giza kutoa picha nikiwa na furaha, mjinga mimi. Nilisema leo nitamwona mwanangu amesimama kando ya jiwe la baba yake, mtu mzima, amepata kazi Nairobi. Karatasi ya kwanza nikaitia kwenye dawa. Ikaanza kutokea suruali, hiyo yako pana ya kufagia barabara. Ikatokea miwani ya jua. Likatokea jiwe, nami nikatafuta miguu yako kando ya jiwe nisiione, kwa sababu miguu ilikuwa inaning'inia. Umekalia jiwe, Simiyu. Umelikalia kama mtu anayengoja chai hotelini.

Ya pili ni huyo rafiki yako mwenye nywele kama kiota. Amelala chini mbele ya majina ya marehemu, mikono kifuani, ulimi nje, anajifanya maiti. Na wewe umesimama juu yake umeshika kitabu, unamwombea. Ya tatu sikungoja iishe kutokea. Niliwasha taa ya kawaida zote zikiwa bado kwenye dawa, zikageuka nyeusi. Ukizitafuta ziko kwenye ndoo. Filamu yenyewe nimekuachia, ni mali yako na aibu yako.

Sasa leo mchana nainua mkebe wa sukari nakuta karatasi yako chini yake. Kumbe mkubwa wako mpya, huyo wa kutembeza watalii, amekuambia uje na ukurasa mmoja wa kuwaelekeza wageni namna ya kujiweka wakifika mahali pa kumbukumbu, na namna ya kusimama kwa picha. Nikausoma. "Mgeni asikalie mnara. Mgeni asicheke wala kupiga kelele. Mgeni asipige picha za mzaha." Haki ya Mungu nilicheka peke yangu jikoni. Jumapili unakalia, Jumanne unakataza! Nyani haoni kundule, walisema wazee, na la kwako lilikuwa juu ya jiwe watu wote wakiliona.

Lakini hayo ni ujinga wa vijana, na ujinga wa vijana huisha kama chunusi. Lililonikalisha kwenye hii stuli ni mstari wako wa mwisho. "Mgeni asiguse majina. Jina la baba yangu mzazi, Yohana Wafula, lilifutwa na wageni kwa kuligusagusa."

Kesho kutwa utasimama mbele ya watu usiowajua, useme maneno hayo, nao watakuonea huruma. Wiki ijayo utayasema tena kwa wengine. Na si kweli. Wageni hawakulifuta jina la baba yako. Mimi nilikuambia hivyo ukiwa darasa la tano, ulipoliuliza, na uongo huo nimeulea hapa nyumbani mpaka umeota meno. Sasa unataka kuondoka nao uende nao kazini. Aka! Huo ni uongo wangu mimi, na kesho haupandi gari.

Nisikilize basi, na usiruke mistari kama unavyoruka gazeti.

Baba yako alikuwa kiwanda cha mbao Elburgon. Kazi yake ilikuwa kupokea mbao zikitoka kwenye msumeno. Jumamosi mchana lori likiteremsha mbao Nakuru, wafanyakazi walipanda juu ya mzigo ili waje mjini, na yeye alikuwa anakuja kwetu, kwangu na kwako. Uhuru ulikuwa haujafika, wewe ulikuwa unatambaa. Breki zilikataa pale kwenye mteremko, kwenye kona. Watu tisa. Hiyo unaijua, nimekusimulia mara nyingi, na sitaki kuisimulia tena leo.

Ndugu zake walikuja wakamchukua wakaenda kumzika kwao, magharibi. Nami nikaenda. Siku ya tatu baada ya mazishi nikaingia nyumbani kwangu huko nikakuta shemeji yangu ametundika koti lake kwenye msumari wa mume wangu, yaani mimi nimesharithiwa. Sikumwuliza neno. Nililichukua lile koti nikalitupa kwenye tope la ng'ombe, nikakufunga mgongoni, nikarudi Nakuru. Ndiyo maana hujawahi kuliona kaburi la baba yako, na ukienda leo watakuonyesha mbwa. Sisi tulibakiwa na jiwe la Kona peke yake. Hilo nataka ulijue vizuri kabla hujaendelea kusoma. Hatukuwa na pengine.

Jiwe lile walilisimamisha wenzao wa kiwandani kwa mchango wao. Ni jiwe la Njoro, lile laini la kujengea nyumba, na majina yalichongwa na seremala. Walikuwa na seremala, fundi wa mawe hawakuwa naye, kwa hivyo herufi hazikwenda ndani sana. Wakayapanga majina kama yalivyokuwa yakiitwa asubuhi kazini. Baba yako alikuwa wa pili kutoka chini kwa sababu aliandikwa kazi karibu na mwisho.

Mimi nikapata kibarua kwa Bwana Ramji, cha kufagia studio yake. Alikuwa Mhindi mwembamba, mkali, mwenye roho safi. Baada ya kufagia nikaanza kuchanganya dawa, baada ya kuchanganya dawa nikaanza kuosha filamu, na siku moja mgonjwa ni yeye na bibi arusi yuko mlangoni, nikapiga picha mimi. Alipoiona akasema, "Mama Simiyu, wewe iko na jicho." Akanipa ile kamera yake ya zamani ya miguu mitatu nitafute wateja wangu siku za Jumapili.

Nami nilijua pa kuwatafuta. Magari yakipanda kutoka Njoro yalichemka yakifika pale Kona. Watu wanashuka, dereva anaenda na debe mtoni, injini inapoa pole pole, na abiria hawana la kufanya ila kutazama bonde na ziwa lililo mbali kule chini. Mtu asiye na la kufanya hutaka picha. Nilijiambia naenda kukaa na mume wangu Jumapili. Ilikuwa kweli, nusu.

Niliwachukia wale watu, sikufichi. Wametundika makoti yao kwenye jiwe. Mwanamke mmoja amembadilisha mtoto wake nepi juu yake. Kuna kundi la arusi liliweka kreti ya soda pale juu wakawa wanafungulia chupa kwenye ukingo, na lile pengo la kona ya kushoto, ulilokuwa ukiingiza kidole ukiwa mdogo, lilitoka siku ile. Bwana mmoja aliniuliza, "Mama, hawa ni akina nani?" na kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama tai yake imenyooka. Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyesikia kwamba mimi ni mjane wa pale. Akataka nishike jiwe, nitoe leso, nifanye kama nalia. Nilifanya. Nilifanya mara mbili kwa sababu mara ya kwanza jua lilikuwa limeingia wingu.

Ukisoma hayo utasema, si ndiyo, mathe, wageni ni washenzi. Ngoja.

Kwetu mtu akizikwa watu hupigwa picha, unajua. Wanajipanga kando ya jeneza, mikono chini, macho mbele, hakuna anayecheka. Basi wageni wangu wa kwanza pale Kona walisimama hivyo hivyo. Walishuka kwenye gari wakipiga kelele, ndiyo, lakini wakiona majina walinyamaza. Wakasimama mbali kidogo na jiwe, mikono chini, wakanitazama. Nikapeleka picha kwa Bwana Ramji. Akasema watu hawa wote wamekufa, nani atanunua? Na kweli walipozijia hawakuzipenda. Jumapili iliyofuata nikaanza kuwapanga mimi. "Sogea, bwana. Karibia jiwe. Weka mguu hapo. Mama, egemea. Cheka kidogo." Wakasogea, wakaweka mguu, wakaegemea.

Mtu mbele ya kamera hana akili, Simiyu, ana masikio tu. Ukimwambia apande mti atapanda. Waliokuja baada ya hao waliona picha za wenzao zimetundikwa pale studio dirishani, wakaja wakijua kwamba Kona ndivyo watu wanavyosimama. Hizo tabia zote ulizozikataza kwenye karatasi yako, mimi ndiye niliyewafundisha Nakuru nzima. Na wewe Jumapili hukuzitoa kichwani mwako. Umekulia chini ya lile dirisha.

Sasa nije kwenye jina.

Jiwe lile ni la rangi ya majivu, na kwenye picha majina hayakusomeka. Bwana Ramji akanifundisha kupaka chaki ndani ya herufi, na baada ya picha kupangusa. Chaki ilikuwa sawa, ila pale Kona upepo ulikuwa unaipeperusha. Basi kulikuwa na mtu mmoja wa Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe, aliyekuwa akimletea mke wa Bwana Ramji unga wake kwenye mfuko. Yule mama alisugulia vyombo vyake vya shaba, vinang'aa mpaka unajiona uso. Nikaomba kidogo nikaujaribu kwenye jiwe. Loo! Mweupe, mlaini, unashika. Kwenye picha majina yalisimama kama yameandikwa na taa.

Nilipenda kuliona la baba yako likitokea kwenye dawa. Nisikudanganye, nililipenda kuliko nilivyopenda kulala. Wale wengine wanane nilipaka kwa kidole nikapita. Yeye nilimsugua. Nilianza na yeye kila Jumapili, kwa kidole gumba, halafu kwa mswaki, halafu kitambaa chenye maji, halafu unga tena, ili aonekane katika kila picha, hata mteja akisimama wapi. Jioni nilimwosha, na yeye mara mbili. Miaka minane, Simiyu.

Bwana Ramji aliona mfuko siku moja. Akaniambia, "Chaki tu, mama. Hiyo unga ya sufuria." Nikamjibu kwamba ana wivu kwa sababu picha zangu zinang'aa kupita zake. Kila Jumamosi nilimwona mke wake akiondoa weusi kwenye shaba kwa unga ule ule, na sikujiuliza hata siku moja ule weusi unaondokaje. Mtu anaweza kuwa na jicho na bado asione, hilo nimelijifunza kwa gharama yako.

Unamkumbuka Cucu Wanjiru, yule bibi wa Kikuyu? Ulikuwa ukimwogopa kwa sababu ya masikio yake yaliyotobolewa. Mwanawe Njoroge alikufa siku ile na baba yako, na jina lake lilikuwa la tatu kutoka chini, juu ya la baba yako. Cucu hakujua kusoma. Kila mwezi alikuja kwa miguu, akainama, akaweka vidole chini kabisa ya jiwe akapanda navyo akihesabu: moja, mbili, tatu. Akifika la tatu analifunika kwa kiganja anamwambia mwanawe habari za nyumbani, kwa Kikuyu, polepole. Mimi hungoja amalize ndipo nipige picha.

Jumapili moja kulikuwa na arusi. Watu wamejipanga, bibi arusi amevaa, wananingoja, nami namngoja Cucu. Akainama, akahesabu, akafunika, akaongea sana. Halafu akainua kiganja. Vidole vikarudi chini, vikapanda tena. Akarudia mara ya tatu. Aliponitazama alikuwa na uso wa mtu aliyepotea njia.

"Mama Simiyu," akaniambia, "huyu nimeongea naye si Njoroge. Herufi zake ni ndefu. Njoroge nampata hapa kwa pili. Hapa kati palikuwa na mtu. Si ni wako? Ameenda wapi?"

Nikaenda nikaweka mkono. Palikuwa laini kama sahani. Nilikuwa nimeona kwamba jina linafifia, miezi mingi, na kila nilipoona linafifia nilizidisha unga. Unaelewa? Nilizidisha unga. Sasa hapakuwa na kitu cha kushika unga, na mahali palipokuwa pameandikwa Wafula palikuwa na kishimo, na kidole changu gumba kiliingia ndani yake kikatoshea.

Watu wote walikuwa wananitazama. Cucu ananitazama. Nikasema, "Ni wageni, Cucu. Ni hawa wageni na mikono yao."

Cucu aliinuka na fimbo yake akawageukia. Sijui kama umewahi kumsikia mama aliyezika akimlaani bibi arusi siku ya arusi yake. Alimwambia naye atatafuta jina kwa vidole asilipate. Bibi arusi akalia mpaka poda yote ikashuka shingoni. Hawakuwa wamegusa chochote wale watu, walikuwa wamefika sasa hivi, gari lao lilikuwa bado linatoa moshi. Mama ya bibi arusi akaja akapiga magoti mbele yangu kwenye changarawe, na nguo yake nzuri, akasema, "Dada yangu, tusamehe. Kama ni watoto wetu wamegusa, tusamehe."

Nikamwambia, "Nitajaribu."

Hilo ndilo neno nililosema. Nitajaribu! Kama mimi ndiye niliyekosewa. Nimekosa mambo mengi maishani, lakini nikiamka usingizini ghafla ni hilo neno ninalolisikia, na sauti yake ni yangu.

Cucu amekufa mwaka juzi akiamini. Sikumwambia. Nilikuwa na miaka ya kumwambia na kila mara nikajipa shughuli.

Baada ya siku ile niliacha kupeleka kamera Kona, nikapeleka fagio. Unaikumbuka hiyo vizuri maana ulikuwa unajivunia. Nilikuwa nafukuza watu. Nilimwagia mtu maji ya radieta kwa sababu mtoto wake alilamba aiskrimu karibu na jiwe. Madereva wakanipa jina, yule mama mkali wa Kona, na abiria wakawa wanaambiwa washuke kimya. Wewe ukajifunza. Ukiwa na miaka kumi na miwili ulimrushia jiwe msichana wa shule aliyekuja na darasa lake, kwa sababu alikuwa anapitisha kidole kwenye majina akisoma. Ulimpasua hapa juu ya jicho. Alikuwa anayasoma kwa sauti, Simiyu, moja moja, kama yanavyopaswa kusomwa. Na mimi mama yako nilikushika mkono nikaenda kukununulia mandazi.

Hasira yangu kwa wageni ulidhani ni mapenzi. Ilikuwa woga. Nilikuwa naogopa siku moja mtu mwenye akili ataweka kidole gumba pale aone.

Kwa hivyo karatasi yako sijui nikwambie nini juu yake. Usiandike mgeni asicheke. Siku moja lilisimama lori, akashuka mzee mmoja akatazama majina, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Nikamjia na fagio, "Mzee, hapa si baa! Ondoka!" Akapangusa macho akasema, "Mama, mimi nilikuwa nao. Siku ile nilichelewa lori. Huyu Wafula alikuwa analala akiwa amesimama, msumeno unapiga kelele na yeye amelala wima, na tulikuwa tunamwekea maranda kwenye kofia." Nikasimama na fagio langu. Ulikuwa humjui baba yako kwa hilo, na mimi nilikuwa nimelisahau. Alitafuta jina la Wafula kwenye jiwe anionyeshe, akalikosa, akaniuliza, na hata yeye nikamwambia ni wageni.

Na usiandike mgeni asiguse. Cucu aligusa miaka yote na hakufuta hata mkia wa herufi. Ukitaka kuandika, andika juu ya anayeshika kamera, maana sasa ndiye wewe. Watakaposhuka kwenye hiyo kombi yenu watakuwa wamenyamaza, utaona, hata wale wa kelele. Kuna muda mfupi hapo kabla hujasema neno. Uache. Usiwapange. Kama mtu amesimama vibaya, amesimama vibaya mwenyewe, lakini usiwe wewe uliyemsogeza. Basi. Mengine utayakosea mwenyewe, sina haja ya kukukosea.

Sasa ufungue hiyo bahasha nyingine, ndogo.

Miaka yote umeniomba picha moja yenye jina la baba yako. Nilikuambia filamu zote za Kona ziliharibika mvua ilipoingia paa la stoo. Nyingi ziliharibika kweli. Moja haikuharibika, na nimeificha kwenye kisanduku cha cherehani, na wiki hii nimeitoa picha, moja tu. Umesema mshahara wako wa kwanza utampa fundi achonge jina upya. Fundi atakuuliza lilikuwaje, herufi zilikuwa kubwa kiasi gani, zilianzia wapi. Mwonyeshe hii. Ni ya Jumapili yangu ya kwanza na ule unga. Jina liko zima, Y. WAFULA, jeupe, hakuna herufi inayokosekana.

Lakini utaona pia huyo bwana mnene wa kofia. Kiatu chake kiko juu ya jina la mwisho na ncha yake imefika kwenye W ya baba yako. Mke wake ameegemea jiwe. Wote wawili wanacheka, meno nje. Nakujua wewe, utakasirika, utatafuta makasi umkate yule mtu ubaki na jina. Usimkate. Nikisikia umemkata, Simiyu, usinijie hapa na zawadi za Nairobi, nitazitupa mahali nilipotupa koti la baba yako mdogo.

Yule bwana aliposhuka kwenye gari aliona majina akavua kofia. Hakuambiwa na mtu. Alisimama mbali, kofia kifuani, mke wake kando yake, na walikuwa wanamaliza kuyasoma. Mimi ndiye niliyemwambia avae kofia, asogee, aweke mguu hapo. Akauweka, lakini kucheka akakataa. Alinitazama, akatazama jiwe, akaniuliza taratibu, "Mama, si vibaya?"

Nikamwambia, "Cheka, bwana. Hawa hawana mtu."

Mama yako,
Nafula